Mkono Wenye Harufu ya Kitunguu

Mbugangari, Gisenyi
14 Januari 1998

Dada Diane,

Hamjambo wewe, shemeji na watoto? Sisi tuko hai, na siku hizi hiyo ni habari nzuri ya kutosha.

Nakuandikia nikiwa ofisini. Bosi wangu, Bwana Juvénal, ametoka kukagua lori, nami nimebaki na hati za mizigo. Hakuna lori linalotoka hapa bila muhuri wangu, na bado mimi mwenyewe natetemeka kama mtu aliyepotewa na hati zake zote. Mimba ina miezi saba, Dada.

Jana nilikuwa kwenye benchi la kliniki, nikamsikia mwanamke akijifungua ndani. Hakuwa akilia tu. Ilikuwa kama sauti ya mtu anayevutwa kutoka chini ya gari. Na mwingine tulimwona akiingia kwa miguu yake. Sijaitwa bado, tayari amepata mtoto, hata kitambaa cha kichwani hakijalegea. Tangu jana najiuliza: kwa nini huyu hivi na yule vile? Wewe ni mkunga, umewaona wengi. Ni mwili? Ni bahati? Au kuna kitu ambacho yule wa pili alikijua, nami naweza kukijua?

Nilimuuliza mama mkwe. Akasema, "Yule wa kwanza hakufunzwa. Kwetu mwanamke hazai kwa mdomo." Kisha akaendelea kufunga vitunguu vyake.

Unamfahamu kwa sura, ndiye anayekuletea barua hii, kwa kuwa anavuka mpaka pale Grande Barrière kila siku kwenda kuuza Goma. Lakini hujaishi naye. Nyumba yake haina sauti. Jua likishuka, na amri ya kutotoka ikianza, anazima redio, anazima taa, tunakula tukinong'ona. Ni kweli wale waasi wa msituni wanashuka, na ni kweli tunasikia risasi. Lakini hata mchana, nikiangusha sufuria, ananitazama kana kwamba nimemtukana. Jogoo amemuuza kwa sababu ya kuwika.

Gad hayupo. Lori lake huenda Kigali kwa msafara wa askari, na akiukosa msafara analala kwa dada yake, Cansilde. Huyo wifi yangu sijawahi kumwona. Haji hapa kamwe, na sababu hakuna anayeitaja.

Njoo unizalishe wewe, au angalau ukae nami. Usiogope kuandika wazi. Mama mkwe anazungumza Kiswahili cha sokoni lakini kukisoma hawezi, na bahasha nimeibandika kwa gundi ya ofisi.

Mdogo wako,
Belise


Goma
17 Januari 1998

Belise mdogo wangu,

Nimecheka kuhusu jogoo, halafu sikucheka tena.

Sikiliza. Yule wa pili uliyemwona labda alikuwa na mtoto wa nne, na labda alikuwa ameanza uchungu nyumbani tangu alfajiri, akipika na kufagia. Mtoto wa kwanza hufungua njia ambayo haijawahi kupitwa, kwa hiyo yako itakuwa ndefu zaidi, usijilinganishe. Mtoto naye ana lake. Akikaa uso ukitazama tumbo lako badala ya mgongo wako, kichwa kinasukuma kiuno, na mama anasema mgongo unavunjika. Hapo hulali chali. Unapiga magoti, unainama, unatembea, unaomba mtu akukandamize kiuno kwa nguvu. Ukilala chali kama mgonjwa unampandisha mtoto mlima.

Kojoa mara kwa mara, maana kibofu kikijaa kinamzibia njia. Kunywa chai yenye sukari. Mwanamke mwenye njaa anachoka, na tumbo lake la uzazi linachoka pamoja naye.

Lakini kubwa kuliko yote ni woga. Mtu akiogopa mwili hujikaza, na uliojikaza huumia zaidi, na ukiumia zaidi unaogopa zaidi. Nimeona uchungu uliokuwa ukienda vizuri ukasimama kwa sababu tu mtu fulani ameingia chumbani. Na angalia taya lako. Ukibana meno, na kule chini kunabana. Sijui vitabu vinasemaje, mimi naona kila siku. Kwa hiyo fungua mdomo, toa sauti nzito ya chini, ooo, kama ng'ombe. Si ya juu, ile ya juu ni ya woga.

Mwanamke asiyekuwa peke yake huzaa kwa urahisi zaidi, lakini inategemea yuko na nani. Huyo mama anayeogopa kelele za sufuria asikaribie kitanda chako. Nitakuja mimi, mpaka ukiwa wazi.

Dada yako,
Diane


Mbugangari
6 Februari 1998

Dada Diane,

Nafanya mazoezi. Juzi Bwana Juvénal alinikuta nyuma ya kabati nikisema ooo, akauliza kama nimekosea hesabu za lori. Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi usilie, sahihisha."

Ofisini niliweza kucheka. Nyumbani, hapana.

Jumapili mama mkwe alikuwa uani, nami nikafunga mlango wa chumba, nikapiga magoti kama ulivyosema, nikaanza. Sauti yenyewe ilinishangaza, ilikuwa nzuri, ilitoka chini kabisa. Sikumsikia akiingia. Alikuja kwa nyuma, akanifunga mdomo kwa mkono wake. Hakunipiga, Dada, usielewe vibaya. Aliushika tu mdomo, mkono wote, pua nusu, nikavuta harufu ya kitunguu mpaka machozi. Ulikuwa mchana, jua linawaka, watoto wa jirani wanacheza mpira. Aliponiachia akaufuta mkono kwenye kanga. Nikamuuliza, "Mama, kuna nini?" Akasema, "Barabara iko karibu." Akarudi kufua.

Barabara iko pale pale miaka yote. Ni malori tu yanapita.

Jambo jingine. Chini ya kitanda changu nimekuta chupa ya dawa ya majani, nyeusi. Anasema uchungu ukianza nitakunywa yote, na mtoto atatoka upesi, bila maneno mengi. Upesi na kimya, ndio wimbo wake. Sitaki kumkosea adabu, ni mama wa mume wangu na nala chakula chake. Lakini nikifikiri juu ya siku yenyewe siwazi tena maumivu, nawaza ule mkono. Nikiwaza hivyo, tumbo linakuwa gumu kama ngoma.

Njoo, tafadhali.

Belise


Goma
9 Februari 1998

Belise,

Hiyo chupa imwage chooni leo. Baadhi ya majani hayo yanalikaza tumbo la uzazi bila kulipa nafasi ya kupumua. Mtoto anakosa hewa na mama anaweza kupasuka ndani. Hatumharakishi mtoto kwa kumfukuza.

Na mama mkwe wako nitamwambia mwenyewe. Akileta barua nyingine nitamkalisha, nitamwambia wodi siyo shamba la vitunguu, na kwamba mkono wake usikusogelee. Kama ni adabu, adabu hiyo nitaivunja mimi, nawe utabaki safi.

Diane


Goma
20 Februari 1998

Mdogo wangu,

Nimeonana na mama mkwe wako. Alikuja bila barua, na kapu tupu, baada ya soko. Nilikuwa nimemwandalia maneno makali tangu wiki iliyopita. Alikaa kwenye kiti cha wagonjwa, akaniwahi: "Najua yenye ameandika. Ameandika mi niko mubaya. Bon. Sasa we unisikilize."

Tulikaa hadi karibu saa ya mpaka kufungwa.

Belise, mwache awe nawe siku hiyo. Kuhusu dawa ameniahidi. Mwenzangu hapa kituoni anaumwa, nimebaki na msaidizi mmoja, na huenda nisiruhusiwe kutoka. Lakini hata ningekuja, bado ningekuambia: mwache. Sababu siwezi kukuandikia. Nimeombwa nisiseme, nami nimekubali.

Usiogope.

Diane


Mbugangari
23 Februari 1998

Dada,

Barua hii inaletwa na Théogène, dereva wa ofisi, si na yeye.

Alikupa nini? Wewe uliyeniandikia kwamba asikaribie kitanda changu, sasa unasema mwache. Wewe uliyesema woga unafunga njia, unaniandikia kwamba kuna siri, halafu chini yake unaweka "usiogope". Nimeisoma mara nyingi mpaka karatasi imelegea. Nimefikiri labda mmegundua jambo kuhusu mtoto. Labda Gad amepata ajali barabarani nanyi mnanificha. Usiku nasikiliza kila gari.

Na yeye tangu arudi kutoka kwako amebadilika, ndiyo, lakini vibaya. Ananitazama mgongo. Nikiinama jikoni namkuta nyuma yangu, mikono imeinuliwa kidogo, kama mtu anayetaka kupima nguo. Nikigeuka anaishusha na kusema anatafuta chumvi.

Jana nilipata maumivu, nikaenda hospitali peke yangu na mkoba wangu. Muuguzi alinitazama tu, akasema, "Mama, wewe bado. Mwenye uchungu hasimami hivi kama anangoja barua isainiwe." Akanipima, kweli bado, yakaisha yenyewe. Lakini nimepata somo. Huku anayepiga kelele wanasema hakufunzwa, na anayenyamaza wanasema haumwi.

Basi nitanyamaza. Nimechoka kujifunza sauti ambayo kila mtu ana shauri lake juu yake. Nitafunga mdomo, mtafurahi nyote wawili.

Belise


Goma
25 Februari 1998

Mdogo wangu usinikasirikie namna hiyo.

Mtoto hana neno. Gad hana neno. Kama angekuwa nalo ungelisikia ofisini kabla yangu. Nilikosea kuandika nusu. Kwa kazi yangu nilipaswa kujua kwamba nusu ya neno inatisha kuliko neno zima.

Lakini niliahidi, na jambo ni lake. Muulize kuhusu Cansilde. Muulize mchana, mkiwa wawili, mkichambua maharage, mikono ikiwa na kazi. Asipojibu usimsukume.

Na hospitali waambie kwa maneno, kwa sababu uso wako hausemi. Waambie maumivu yanakuja kila baada ya muda gani, yanaanzia wapi, kama maji yametoka. Wewe ni karani, toa taarifa kama karani. Ila ukishafika kitandani uache ukarani mlangoni.

Fungua mdomo, Belise. Hata kama ni kwa kunitukana.

Diane


Goma
11 Machi 1998

Belise,

Hujanijibu. Mpaka umefungwa tangu juzi. Leo nilikwenda mpaka kwenye kizuizi nikiwa na mfuko wangu wa kazi, nikamwambia askari mdogo wangu anajifungua ng'ambo, naona hata paa za kwenu kutoka hapa. Akasema, "Mama, rudi kwako. Leo hata nzi hapiti."

Sokoni hakuna vitunguu vya Gisenyi. Nimeuliza kila mwanamke. Hakuna aliyemwona mama mkwe wako.

Sijui barua hii nitampa nani. Naiandika tu ili mikono ifanye kitu.

Diane


Mbugangari
16 Machi 1998

Dada Diane,

Ni msichana. Mimi mzima, yeye mzima, anazo nywele nyingi na hasira ya Gad. Mpaka umefunguliwa leo asubuhi, Théogène anangoja nje akipiga honi.

Siku yenyewe nakumbuka vipande tu, kwa hiyo atakusimulia aliyekuwapo. Amekaa mbele yangu.

*

Diane mutoto wangu, ni mi Mukantwari, mama ya Gad. Belise iko naandika. Nimemukataza kutengeneza maneno yangu, niko naangalia mukono yake.

Uchungu ilianza asubuhi, akiwa anafua. Nikasema twende. Tulitembea polepole vile ulisema, na kila uchungu ikikuja anashika mabega yangu, tunayumba kama batu wa ndoa. Kwenye hospitali akatoa taarifa kama mukubwa wa ofisi, wote wakamusikiliza. Njia ilikuwa imefunguka nusu. Nikamupatia chai ya sukari. Nikamukumbusha kukojoa. Yote yenye ulinifundisha nilifanya.

Lakini kinywa! Meno imefungwa kama kufuli. Alikuwa na kasirani, alitaka kunionyesha kama anaweza kunyamaza kunipita. Jua ikapanda, njia haifunguke tena. Uchungu ikaanza kukuja mbali-mbali, kama mutu mwenye kuchoka na safari. Muganga akasema tungoje kidogo, isipobadilika watamupasua.

Ile siku ya maharage aliniuliza juu ya Cansilde, nikatoka inje. We unajua sababu. Nilikuambia Goma: huyu mutoto akijua mi naogopa kumupita, ataogopa mara mbili. Njo sababu nilikuomba unyamaze, unifundishe mukono yangu kazi ingine, basi. Lakini pale kwenye kitanda nikaona kimya yetu ndiyo iko namutesa. Nikamuambia yote. Mwaka ya vita tulijificha na batu mingi ndani ya shamba ya mutama, kando ya barabara. Cansilde akashikwa na uchungu, mchana kabisa, na benye kututafuta wanapita, tunasikia hata wanacheka. Nikaweka mukono kwenye kinywa yake mupaka mutoto akatoka. Batu wote wakapona. Mutoto iko nakimbia leo, Cansilde iko muzima. Lakini chakula yenye mi nimepika hawezi kukula tena. Anasema inanuka mukono. Njo sababu hakuje kwetu.

Sijute. Ikirudi ile siku, nitafanya tena. Lakini kwenye hospitali hakuna mutu alikuwa anatutafuta. Nilikuwa napaswa kujiambia hiyo, na sikujiambia.

Belise akanisikiliza, akanishika. Meno bado.

Halafu inje gari ikapasuka taire, pa! Akashituka, kinywa ikafunguka, sauti inataka kutoka. Na mukono yangu, Diane, ikaenda yenyewe. Nilikuwa nimetoka kumuambia yote na bado ikaenda. Ikamufunga. Akaniangalia juu ya vidole, macho tu.

Nikaiondoa. Ilikuwa nzito kama si yangu. Nikaipeleka chini kwenye mugongo, pale ulinionyesha, nikakandamiza na nguvu yote. Na mi mwenyewe nikafungua kinywa. Ooooo! Mi, mama muzima, na kitambaa kwenye kichwa! Bamama wa vitanda vingine wakakauka na kicheko. Muganga akakuja mbio: "Ni nani mwenye kuzaa hapa?" Nikasema, "Ni sisi."

Belise akacheka, na maumivu yote ile. Mutu akicheka meno haibaki imefungwa. Uchungu yenye ilifuata akalia na mi, sauti moja. Na ingine. Hawakumupasua. Jua haijashuka mutoto alikuwa inje, iko nalia kutupita sisi wawili.

Juu ya ile jani yako ya kahawa, nimekutumia na Théogène kitunguu kidogo, si ya kulipa, ni ya kukula tu.

Mukantwari

*

Dada, ni mimi tena. "Jani ya kahawa" ni ile karatasi ya kahawia uliyomchorea mgongo na mahali pa kukandamiza. Ameificha ndani ya Biblia na hajui kwamba najua.

Gad bado hajafika, amekosa msafara. Alipiga simu ofisini, Bwana Juvénal akamwambia habari kabla yangu. Alipopiga tena nilikuwapo na Mama, nikamwomba amwambie Cansilde jinsi nilivyojifungua, yote, na ule mkono pia. Sijui atasema nini. Mama alisikia nikimwambia Gad hivyo, na jioni aliosha mikono kwa muda mrefu.

Nisamehe kwa barua ile. Mgongo bado unaniuma pale alipokandamiza, nami sitaki maumivu hayo yaishe haraka.

Mtoto ameamka, anapiga kelele, madirisha yote yako wazi. Jirani amegonga ukuta kwa utani, anauliza kama tumenunua jogoo mwingine. Nimeacha kalamu nimchukue nimnyonyeshe ili anyamaze, na Mama amenizuia kwa ule mkono wake, ameuweka begani kwangu.

"Ngoja kidogo," amesema. "Acha alie. Nataka kusikia."

Belise